Kisima cha Mita Mia na Ishirini

Mkandarasi wetu alikuwa na kasoro moja tu: hakuwa mwizi. Ningelijua hilo mapema, nisingeandika niliyoyaandika.

Mimi naitwa Loisi, mwalimu mstaafu. Kwa miaka sita nilikuwa katibu wa jumuiya ya watumia maji ya kijiji cha Chisomolo, mwendo wa saa mbili kwa pikipiki kutoka Dodoma mjini kama njia haijaharibika, na njia huwa imeharibika. Maji yetu tulikuwa tunafukua kwenye mchanga wa korongo. Mwezi wa tano unafukua hadi kiwiko, mwezi wa tisa unaingia shimoni mzima mzima na mtu anakushikia miguu. Kisima tulikuwa nacho pia, usije ukadhani Serikali ilitusahau. Kilichimbwa miaka kumi na moja iliyopita. Mkandarasi wa wakati ule alilipwa mita tisini, na siku pampu ilipokufa tukavuta mabomba tukayapima: mita arobaini na moja. Hizo nyingine arobaini na tisa hatujui zilichimbwa kwa nani.

Basi ruzuku mpya ya maji ilipotangazwa, kijiji kikasema fomu ajaze mwalimu Loisi, kwa sababu haibiwi. Nilifurahi. Sitasema uongo, nilifurahi sana.

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na nane, nikazisoma zote, nyingine mara mbili. Ukurasa wa saba kulikuwa na nafasi ya kuandika kina cha kisima tunachohitaji. Wapimaji walikuwa wameshapita, wamependekeza mita sitini. Mimi nikawaza kama mtu anayekwenda sokoni Majengo. Muuza dagaa anataja bei mara mbili kwa kuwa anajua utamkata nusu. Mkandarasi naye ataiba nusu, ndiyo desturi. Kwa hiyo nikaandika mita mia na ishirini, ili akishaiba nusu yake tubaki na sitini zetu.

Sikuishia hapo. Mkataba ulipoletwa kijijini kusomwa, nikadai kiongezwe kifungu: kina kikipungua hata mita moja, mkandarasi halipwi hata senti. Mhandisi wa maji wa wilaya, binti wa Kinyakyusa anaitwa Bupe, alinitazama akaniuliza, "Mwalimu, una hakika?" Nikamjibu kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Akakiandika. Mkutano ukanipigia makofi, na kwa wiki nzima watoto walikuwa wanaimba njiani, "Mia na ishirini! Pungufu ni wizi!" Wimbo huo niliwafundisha mwenyewe.

Kitu kimoja sikukisoma. Ripoti ya wapimaji iliambatishwa nyuma ya mkataba, kwa Kiingereza, na michoro yenye milia kama soksi za mpira. Nikaona ni mapambo.

Mtambo ulifika Jumanne ya tatu ya mwezi wa sita. Msimamizi wake alikuwa Respicius, Mhaya mmoja mpole mwenye miwani. Walichimba kwa mabomba ya mita sita sita, na kila bomba lilipozama, mzee Nathanaeli aliyekuwa amejiwekea kigoda pembeni aliweka kokoto moja kwenye kofia yake. Hakuna aliyemtuma. Mzee ana ng'ombe arobaini na hajawahi kupotelewa na ndama, kwa hiyo kuhesabu kwake ni ibada.

Saa saba mchana, bomba la nane, maji yakaruka. Respicius akaongeza bomba la tisa ili aone nguvu yake, mita hamsini na nne, akazima mashine. Akakinga kikombe, akanywa, akanipa. Nikanywa. Jamani, yalikuwa matamu. Nimezaliwa Chisomolo, nimekunywa maji ya hapa miaka sitini na mitatu, sikujua kwamba maji yanaweza kuwa hayana neno la kusema ulimini. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Wakati akina mama wanapiga vigelegele, Respicius akanivuta pembeni.

"Mama, hapa ndipo pa kusimama," akasema. "Nikifika bomba la kumi na mbili nitatoboa tabaka la chumvi. Yakishachanganyika, hakuna wa kuyatenganisha. Ng'ombe watakunywa wakilazimishwa."

"Umejuaje?"

"Imeandikwa kwenye ripoti yenu. Ile milia ya bluu ni maji baridi, ile nyekundu ni chumvi. Nilidhani mlisoma."

"Sasa si usimame?"

Akavua miwani akaifuta. "Nikisimama silipwi hata senti. Kifungu chenu hicho, mama. Kampuni itanifukuza. Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa, sijaona kijiji kilichojifunga kamba nzuri namna hii."

Nikampigia Bupe. Akaniamkia, nikamwitikia, nikamweleza. Akaongea kwa ile sauti ya ofisini isiyo na chumvi wala sukari. Kubadili mkataba kwa njia ya kawaida ni wiki tatu. Mtambo unaondoka Ijumaa, na fedha za ruzuku zisipotumika hadi mwisho wa Juni zinarudi zilikotoka. Ila kijiji chenyewe, kikikaa mkutano mkuu na kuomba kina kipunguzwe, yeye atasaini siku hiyohiyo.

"Na mkutano ukikataa?" nikauliza, kwa kupenda tu kujua.

"Ukikataa, kanuni zina vitu vitatu tu vya kusimamisha mtambo hapohapo. Mtu akifa kazini, yakipatikana mabaki ya kale, au ikiandikwa tuhuma ya rushwa kwenye muhtasari wa kijiji. Hapo kazi inakoma pale ilipofika, na kisima kinapokelewa kama kilivyo. Mkandarasi kama hahusiki analipwa alichochimba."

"Hakuna aliyekufa, mabaki hatuna, na mimi sijala kitu," nikamwambia. "Mkutano utakubali."

Respicius akakubali kusema kompresa imechemka mpaka kesho saa mbili na nusu asubuhi. Yoramu, mwenyekiti wa jumuiya, ambaye ni mdogo wa marehemu mume wangu, akagonga rimu ya lori pale shuleni, na saa kumi jioni darasa la sita lilikuwa limejaa mpaka madirishani.

Nikasimama. Miaka thelathini na minne nimesimama mbele ya ubao. Siku hiyo nilikuwa nakwenda kusema neno ambalo sijazoea. Nikasema, "Nilikosea." Nikaeleza yote: ripoti, milia, chumvi. Nikachora ubaoni. Nikaomba tusimame hapo tulipo, mita hamsini na nne.

Mzee Nathanaeli akanyanyuka na kofia yake ya kokoto.

"Mwalimu," akasema, "wewe ndiye uliyetufundisha. Mia na ishirini, pungufu ni wizi. Mimi hapa nina kokoto tisa. Zinatakiwa ishirini. Kumi na moja ziko wapi?"

"Ziko kwenye chumvi, baba."

"Umeionja?"

"Sijaionja."

"Maji ya juu umeyaonja?"

"Matamu."

"Haya. Ukikoroga chai, sukari inakaa wapi? Juu au chini?"

Chini, darasa zima likajibu. Nilifundisha darasa hilo. Nusu ya waliojibu niliwafundisha kusoma, na nilitamani niwarudishe wote chekechea.

Nikajaribu tena na chaki. Nikawakumbusha kisima cha kijiji jirani, maharage yanachemka kutwa nzima hayaivi, chai ya maziwa inakatika. Wakasema jirani walipewa mkandarasi mbaya. Nikasema ripoti inasema. Wakasema ripoti ni ya Kiingereza. Mama mmoja, Tabu, ambaye tumekaa naye benchi moja kanisani miaka ishirini, akauliza kwa sauti ndogo nilichozungumza na mkandarasi pembeni pale mchana, kwa sababu yeye alituona.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mzee Nathanaeli akasema bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya mbuzi: "Huyu mama amemwomba yule bwana kitu. Ndiyo maana. Mtu hageuki bure."

Watu wakapiga makofi. Siyo wote. Wengi lakini.

Nilitaka kumjibu, tena nilikuwa na majibu ya kutosha. Huyo mzee mwanawe wa tatu nilimlipia sare ya shule. Lakini mimi ni katibu, na katibu kwenye mkutano ana kalamu, hana mdomo. Nikaandika. Kura zikapigwa: wa kuendelea mpaka mita mia na ishirini, watu mia mbili na sita; wa kusimama, watu tisa, pamoja na mimi.

Watu walipotoka tukabaki wawili, mimi na Yoramu. Kazi yake ilikuwa kugonga mhuri kila ukurasa. Alifika ukurasa wa nne akasimamisha mkono hewani.

"Shemeji," akasema, "haya ya Nathanaeli umeyaandika."

"Yalisemwa."

"Ni maneno ya hasira. Kesho atakuwa ameyasahau. Yafute, andika 'wajumbe walichangia'. Ndivyo tunavyoandika siku zote."

Ni kweli. Huko kwetu muhtasari ukisema "wajumbe walichangia", jua kulikaribia kupigana. Miaka sita nimeandika wajumbe walichangia. Nimewafichia watu matusi, nimewafichia ulevi, mmoja nilimfichia panga.

Na mwenyewe nilikuwa nimeshashika ile karatasi niifute. Nisijifanye mtakatifu. Nilikuwa nawaza jina langu, na jina la marehemu, na kiti changu cha mbele kwenye umoja wa akina mama kanisani. Ndipo nikakumbuka sauti ya Bupe ikitaja vitu vitatu, na jinsi nilivyokicheka kile cha tatu, tuhuma ya rushwa kwenye muhtasari.

Nikairudisha karatasi mezani, mbele yake.

"Gonga mhuri, shemeji," nikamwambia.

"Loisi." Hajawahi kuniita jina tangu niolewe. "Ukipeleka hii, utakuwa umejishtaki mwenyewe."

"Sijishtaki. Nawasilisha muhtasari."

"Hawatakusafisha. Hata ukishinda, hawatakusafisha. Unawajua."

"Nawajua. Nimewafundisha mimi."

Alikaa na ule mhuri muda mrefu. Aliniambia nikafikirie mpaka kesho, nikamwambia kesho saa mbili na nusu yule bwana anawasha mashine, na akifika bomba la kumi na mbili hata tukifikiria miaka kumi chumvi haitoki. Watu wetu wawili wameshafukiwa na mchanga kule korongoni, mmoja alikuwa dada yake Yoramu. Hilo sikulisema, halikuhitaji kusemwa. Akagonga. Aligonga taratibu, akapuliza wino ukauke, akatoka bila kuniaga.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa juu ya pikipiki. Njia ilikuwa imeharibika. Niliingia mjini kiuno kimekufa ganzi, vumbi mpaka kwenye meno, na saa mbili kamili nikawa kwenye benchi la ofisi ya maji, nimeshika bahasha kama mtu aliyeleta posa.

Bupe alifika saa mbili na nusu, akaniamkia, akaniingiza ndani. Alisoma kurasa tatu haraka. Ya nne aliisoma polepole.

"Mwalimu, nikiigonga hii 'imepokelewa', siwezi kuirudisha."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

"Wanasema uliomba. Ni kweli?"

"Muhtasari hauulizwi kama ni kweli, binti yangu. Unaulizwa kama yalisemwa."

"Yalisemwa?"

"Yalisemwa, na watu wakapiga makofi. Makofi nayo nimeyaandika, mstari wa mwisho."

Akasoma tena. "Hapa mkandarasi hatuhumiwi kutoa. Unatuhumiwa wewe peke yako kuomba."

"Hivyo hivyo. Yule bwana hana kosa, alipwe."

Binti akanitazama. Macho yake yalikuwa yamelowa, na mimi sikuwa na nafasi ya kumbembeleza mtu. "Mwanangu," nikamwambia, "saa inakwenda. Kule wanaendelea kutoboa." Akagonga mhuri. Akapiga simu. Nilisikia mlio wa mtambo upande wa pili, kisha nikasikia Respicius anasema ndiyo injinia, nimekuelewa injinia, na mlio ukakatika.

Lilikuwa bomba la kumi. Mita sitini. Hesabu yangu ya Majengo ilikuwa imetimia barabara, ila mwizi wa nusu niligeuka mimi.

Niliporudi kijijini jioni nilikuta watu wamesimama kwenye alama za magurudumu ya mtambo. Hakuna aliyenitukana. Mama mmoja alisema nyuma yangu, "Mchimba kisima huingia mwenyewe," na wenzake wakacheka kidogo, basi.

Wachunguzi wa rushwa walikuja wawili, na faili. Nikawapikia chai. Wakaniuliza niliomba nini, nikawaambia wakamwulize mzee Nathanaeli. Wakamwuliza. Akasema niliomba kitu. Kitu gani? Kitu tu. Waliandika "kitu" wakapiga mstari chini yake, wakaenda kumwuliza Respicius, naye akasema mama yule aliomba kikombe cha maji. Baada ya miezi miwili ikaja barua: hakuna ushahidi. Yoramu akaisoma mkutanoni mara mbili. Watu wakasema lisemwalo lipo, na mwizi wa kawaida huacha ushahidi, lakini huyu ni mwalimu.

Ukatibu nikavuliwa siku hiyo. Wamempa Brighton, kijana mzuri, ana simu kubwa. Wiki iliyofuata Tabu akaja nyumbani, akakaa, akanywa maji, akasema ametumwa na umoja wa akina mama kuchukua funguo za kabati la vyombo. Nikampa. Alipokuwa anatoka alisema ataniombea. Nilifunga mlango, nikakaa kitandani, nikalia kama mtoto, na safari hii sikusingizia vumbi.

Pampu na matangi vilikuwa mkataba mwingine, havikuuliza kina, viliuliza kama maji yapo. Mwezi wa kumi na moja bomba likafunguliwa pale karibu na josho la ng'ombe. Tangu siku hiyo korongoni hakwendi mtu, ila vijana wanaochota mchanga wa kujengea. Maharage yanaiva kwa saa moja unusu. Watoto wanawahi kuhesabu namba shuleni wamenawa uso. Mimi ninayaona yote hayo nikiwa nimesimama kwenye foleni na ndoo yangu kama wengine, na hakuna anayenipisha.

Jumamosi iliyopita mzee Nathanaeli alikuja na punda na madumu sita. Alikinga maji kwa kiganja akanywa, akafumba macho, akatikisa kichwa.

"Maji haya," akasema, "ni baraka ya Mungu."

"Amina, baba," nikasema.

Akanigeukia. Amezeeka mzee yule, mikono inamtetemeka. Akanishika bega mbele ya watu wote, akasema, "Mwalimu, binadamu ni binadamu. Zile mita zetu sitini, tumekusamehe. Mimi mwenyewe nimewaambia wakusamehe."

Wanawake kwenye foleni wakaitikia, ndiyo, mama, tumekusamehe. Walisema kwa moyo mweupe kabisa, wengine wakitabasamu. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba walikuwa wanasema kweli. Nilikuwa na maneno ya kumjaza mzee yule mpaka Pasaka. Ningeweza kumchorea tena pale chini kwenye matope, bluu na nyekundu.

Nyuma yangu kulikuwa na ndoo kumi na nne zinasubiri, na maji yalikuwa yanamwagika.

"Ahsanteni," nikawaambia. Nikamshikia mzee punda wake mpaka dumu la sita lilipojaa, kisha nikakinga langu.